Linux Mint inakufa katikati ya kusakinisha, Errno 5

mgeni_wa_mint
Wakuu, heshima zenu. Nina laptopu ya mtumba, SSD (diski) GB 256, RAM (kumbukumbu ya muda) GB 8 (vipande viwili vya 4). Nataka kupiga mfumo endeshi wa Linux Mint. Flashi yenye Mint inawaka freshi, Wi-Fi inashika. Nikianza kusakinisha, kwenye kunakili mafaili inatoa "[Errno 5] Input/output error" na kujifunga. Eti huenda CD au diski ni mbovu. CD yenyewe sina! Na kila nikirudia inakwama sehemu tofauti. ISO (faili la Mint nililopakua) nimeikagua kwa sha256sum, amri ya kuhakiki faili, iko sawa. Nibadilishe SSD?

kijana_wa_mezani
Flashi hiyo mkuu. Au rudi Windows upumzike.

mama_solda
Mdogo wangu, usitoe hela bado. Ujumbe huo haumtaji mkosaji: flashi ikishindwa kusomwa ni Errno 5, SSD ikishindwa kuandikwa ni Errno 5 hiyohiyo. Ikigoma tena usizime. Fungua terminali, andika `sudo dmesg | tail -30` (mistari 30 ya mwisho ya ujumbe wa mfumo), utubandikie hapa.

mgeni_wa_mint
Dada, imejaa "SQUASHFS error", mwishoni "data probably corrupt". sda na sdb (majina ya SSD na flashi) hazitajwi popote.

mama_solda
Basi SSD iache kwanza. Ingekuwa inakufa, ungeona "I/O error" na jina lake. SQUASHFS ni lile faili lililobanwa kwenye flashi, lenye mfumo wa Mint. Hapa data yake imesomwa bila lalamiko, ila imefika imeharibika. Mfumo wa majaribio (Mint inayowaka moja kwa moja kwenye flashi) husoma vipande unavyovihitaji tu, ndiyo maana unawaka. Kusakinisha kunasoma karibu kila kitu.

Andika `md5sum /cdrom/casper/filesystem.squashfs`, upate namba ya kuhakiki faili hilo. Washa upya, rudia. Jibu likiwa lilelile lakini halilingani na lililomo kwenye faili la md5sum.txt humohumo kwenye flashi, kijana wa mezani ana haki, ni flashi. Likibadilika, mimi naikamata RAM.

mgeni_wa_mint
Limebadilika!

mama_solda
Haya. Zima, chomoa chaja, tenganisha betri. Toa RAM zote mbili, futa meno yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, pangusa unga wote, rudisha mpaka zilie "ta". Kisha pima kipande kimojakimoja kwa Memtest86+, programu ya kupima RAM. Toleo la 6 na kuendelea linawaka hata kwenye UEFI (mfumo wa kuwasha wa kompyuta za siku hizi). Liache limalize mzunguko mzima, usilihukumu kwa dakika tano. Mistari myekundu ikitokea hata mmoja, usibembelezane nacho.

mgeni_wa_mint
Kimoja kimejaa wekundu, hata nikikihamishia nafasi ya pili. Nimekitoa, Mint imeingia hadi mwisho. GB 4 zitanitosha?

mama_solda
Kwa kuandika na vivinjari vichache, ndiyo, ila bora ungechukua Mint yenye sura nyepesi ya Xfce kuliko ya Cinnamon. Ukienda kununua kipande kingine beba hicho kizima mkononi. RAM ya aina ya DDR3 haiingii nafasi ya DDR4, na muuzaji hatakurudishia.