Tupeane uzoefu: kuongezewa nguvu mashine ya boti kwa kompyuta, nani kafanya na kapata nini?

Potwe_Mafia
Wakuu, salaam. Naendesha boti ya faiba ya futi 23 hapa Kilindoni, Mafia, napeleka wageni kuangalia papa potwe kuanzia Oktoba hadi Februari. Mashine ni Suzuki ya hp (nguvu za farasi) 40, ya EFI, yaani kompyuta ndiyo inayopima petroli, na ujazo wa injini ni sisi (cc) 941. Kuna jamaa wa Dar anasema akija na laptop yake anaigeuza kuwa hp 60 bila kubadilisha hata nati. Nadharia ninazo za kutosha. Aliyefanya aseme alichopata, aliyejuta naye aseme.

Mzamiaji wa Nungwi
Mie nimefanya kaka, mashine ya ukoo huohuo. Fundi alikuja na laptop imefungwa kwenye mfuko wa nailoni, akafungua kifuniko, akachomeka waya kwenye plagi ya uchunguzi. Kwanza akaungia chaja kwenye betri. Nikamuuliza ya nini, akasema umeme ukishuka programu ikiwa nusu imeandikwa, boksi la kompyuta ya mashine linakufa palepale na hakuna wa kulifufua hapa kisiwani. Hapo ndipo nilipoanza kumuamini.

Matokeo: boti tupu ilikimbia, si siri, mpaka wenzangu waliuliza nimenunua nini. Ila siku ya kazi, wazamiaji wamejaa na mitungi yao, boti kunyanyuka na kuteleza juu ya maji ilikuwa tabu ileile. Na petroli iliongezeka. Kwa mtu wa kuvinjari ningemwambia fanya. Kwa biashara ya mizigo, mmm.

Mama Dagaa Ukerewe
Jamani nicheke kwanza. Kwetu alikuja kijana anajiita mtaalamu wa programu, akapita mwalo mzima anachukua advansi. Mashine zetu zote ni hp 15 za kuchanganya oili na petroli, zina kabureta na kamba ya kuvuta. Nikamuuliza, hiyo laptop utaichomeka wapi, kwenye tenki? Akasema ataleta adapta. Advansi za watu zimekwenda na adapta hatujaiona.

Lakini nina swali la kweli. Mashine ileile shemeji yangu anayo Bagamoyo na inakimbia kuliko zetu. Kwa nini?

Fundi Sahare
Mama Dagaa, ni hewa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na mashine inayovuta hewa yenyewe hupoteza kama asilimia kumi au zaidi ya nguvu ya pwani. Programu haiwezi kuirudisha. Dawa ni propela ya pichi (inchi inazosogea mbele kwa mzunguko mmoja) ndogo zaidi, kwa inchi moja hivi, ili mashine ipate mizunguko yake. Ya kabureta ikaguliwe na jeti (kitundu kinachopima petroli), maana huko juu huwa inakunywa petroli kuliko hewa iliyopo.

Sasa kwa Potwe. Mimi natengeneza mashine Tanga, na kompyuta ya uchunguzi ninayo, kwa hiyo sisemi kwa wivu. Programu inagusa mambo machache: nozo zinazopuliza petroli zifunguke kwa muda gani, plagi ipige cheche mapema kiasi gani, na mashine iruhusiwe kufika mizunguko mingapi kwa dakika. Kwenye mashine kubwa za siku hizi inagusa pia klapa ya hewa. Injini isiyo na tabo wala supachaja (pampu za kuisukumia hewa), ambayo kiwanda kimeshaipanga hadi mwisho wake, ukiongeza asilimia tano hadi kumi umefanya kazi nzuri. Anayekuahidi nusu nzima anazungumzia kitu kingine: mashine iliyobanwa makusudi.

Na hizo zipo, tusidanganyane. Suzuki 40, 50 na 60 zote ni sisi 941. Za 70, 80 na 90 ni 1,502. Mercury wana lita 2.1 moja inayouzwa kuanzia 75 hadi 115. Kiwanda kinatengeneza donge moja la injini kisha kinauza ngazi kwa ngazi. Ila usiishie kwenye ujazo. Mara nyingine ndugu mkubwa ana kemshafti yake (shafti inayofungua vali), au koo la hewa pana zaidi, au egzosi tofauti. Chukua vitabu vya spea vya mashine zote mbili, kaa navyo mezani, linganisha namba kipande kwa kipande. Zikilingana kila mahali isipokuwa kwenye boksi la kompyuta, jamaa wa Dar yuko sahihi. Ukikuta tofauti kwenye kemshafti, atakachokuandikia ni programu ya mashine ambayo wewe huna, na hesabu zake za petroli na cheche zitakuwa za hewa isiyoingia.

Halafu nijibu mawili. Abiria wote wakiwa ndani, ukivuta moto wote, saa ya mizunguko inasoma ngapi? Na propela yako imeandikwa namba gani?

Mwana wa Amu
Ndugu zangu, hapa Lamu somo hilo tulilipa kwa petroli. Mashua ya mbao ya babangu, futi 25 majini, ilikuwa na hp 15. Tukatia 25. Haikuongeza kitu cha maana, ila nyuma ilizama na mbele ikanyanyuka na wimbi kubwa likatufuata. Mzee mmoja fundi wa vyombo huku Matondoni akatueleza kuwa chombo cha tumbo hakipandi juu ya maji, kinayagawa, na kasi yake inafungwa na urefu wake. Baadaye nikaikuta hesabu yenyewe: kipeuo cha pili cha urefu wa majini kwa futi, zidisha kwa 1.34, unapata noti, yaani maili za baharini kwa saa. Kwa futi 25 ni 6.7, yaani kama kilomita 12 kwa saa. Hata ukipewa programu ya ndege. Kwa hiyo mwenye mashua au jahazi asisome uzi huu, akalale.

Bahari Chafu
Mimi ni wa upande wa kujuta, japo si kwa hp. Boti ya kaka ilikataa kuvuka mizunguko 2,000. Tukaambiwa kompyuta imechoka, inahitaji programu mpya. Tukalipa. Ikaandikwa, ikawashwa, ikapanda vizuri kwa muda mfupi, ikarudi 2,000. Fundi mwingine alipofungua pampu ya maji, impela, ile feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza, ilikuwa imebaki kitovu tu, mapezi yote yamekatika na vipande vimekwama njiani. Mashine ilikuwa inajikinga isiungue. Yamaha, kwa mfano, ikipata joto inajishusha yenyewe hadi karibu 2,000 na kengele inalia. Kengele yetu waya wake ulishakatwa siku nyingi kwa sababu ilikuwa inasumbua abiria.

Sharjah Boy
Wadau, nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye karakana ya vyombo vya maji huku Emirates. Programu zinauzwa na zinafanya kazi, lakini wateja wakubwa ni wa skuta za majini zenye supachaja, mfano Sea-Doo yenye Rotax ya 1,630 inayotoka kiwandani na hp 300. Kule supachaja inazungushwa na injini yenyewe, kwa hiyo ukipandisha kikomo cha mizunguko hewa nayo inaongezeka. Na mteja anajaza petroli ya oktani 98 kwenye kituo kilicho gatini. Huko Mafia unajaza nini?

Potwe_Mafia
Ya madumu, mkuu. Sina haja ya kuficha.

Sharjah Boy
Basi mwambie asiguse cheche, maana ya madumu hujui imechanganywa na nini. Petroli iliyotiwa mafuta ya taa inalipuka kabla ya wakati, na ukishawahisha cheche hakuna nafasi ya kosa iliyobaki. Nilishafungua mashine iliyofanyiwa hivyo: pistoni ya tatu ilikuwa na tundu katikati linaloingia kidole, kingo zake zimeyeyuka laini, na plagi ina vidonge vidogo vya alumini vimeganda kwenye ncha. Mwenyewe alikuwa anasema ilikuwa inakwenda vizuri sana mpaka ilipokata.

Mswahili Hamburg
Huku Ujerumani mchezo uko kinyume. Tangu 2012 mashine hadi hp 15 haihitaji leseni kwenye sehemu kubwa ya maji, kwa hiyo watu wananunua 15 ambayo ni 20 iliyobanwa. Yamaha 15 na 20 za nyuma kidogo zote ni sisi 362. Kisha kuna wanaoifungua usiku. Ikitokea ajali huna leseni, na bima inaondoka.

Potwe_Mafia
Bima sikuifikiria. Kwenye karatasi zangu imeandikwa hp 40, na cheti cha TASAC, wasimamizi wa vyombo vya majini wa serikali, kinakuja kukaguliwa. Fundi Sahare, jana nimepima: wageni kumi na nahodha, moto wote, 4,600. Propela imeandikwa pichi 13.

Fundi Sahare
Umeshajijibu. Mashine yako inatakiwa ifike kati ya 5,000 na 6,000 ukiwa umevuta wote. Kwa 4,600 hp 40 hujawahi kuzitumia, na ukiandika 60 bado propela itaishikilia chini. Kila inchi ya pichi ni kama mizunguko 150 hadi 200. Weka 11, utafika 4,900 hadi 5,000. Boti tupu itapungua kasi ya mwisho, na hapo angalia saa isipite 6,000, lakini kwa mzigo itanyanyuka mapema. Zingatia meno ya shafti na kipenyo, usinunue kwa picha ya simu. Na usafishe tumbo la boti, makome peke yake yanakula nguvu.

Mzamiaji wa Nungwi
Potwe, ninayo ya 11 ya panga tatu, ilichubuka ncha moja kwenye mwamba. Nikipiga tupa inafaa kwa majaribio. Hesabu meno ya shafti yako uniambie, yakilingana naitia kwenye boti ya asubuhi kwenda Dar, wewe tafuta wa kuipokea bandarini.