Sala ya Magharibi Lamu: kwa nini Novemba inawahi na Februari inachelewa?

Mama wa Mkomani
Asalaam aleikum ndugu zangu. Mwanangu wa miaka 12 amekaa na ratiba ya sala ya mwaka mzima, akaniuliza swali lililonishinda. Hapa Lamu, mwanzoni mwa Novemba jua linatua saa 12:06 jioni. Katikati ya Februari linatua saa 12:36. Nusu saa nzima! Nikamjibu kwamba Februari mchana ni mrefu. Akanionyesha macheo: Novemba saa 11:54, Februari saa 12:25. Tukahesabu pamoja, na mchana ni ule ule, saa 12 na dakika 11 au 12. Nimjibu nini?

La pili: Ramadhani iliyopita nilisubiri adhana ya redio kutoka Nairobi. Tulipofungua kinywa, majirani walikuwa wameshamaliza uji. Nifuate saa ipi?

Kaskazi
Wa aleikum salaam dada. Kaskazi ikivuma jua huwa kali na mchana hurefuka. Sababu ni hiyo.

Maalim wa Malindi
Hapana ndugu yangu, mtoto ameshalifunga hilo. Mchana ungerefuka, jua lingechomoza mapema na kutua baadaye. Hapa macheo na machweo yamesogea yote mawili upande mmoja. Siku haikurefuka, imesukumwa mbele. Tazameni pia Adhuhuri: mwanzoni mwa Novemba zawali ya Lamu, yaani jua kufika kati, ni kama saa 6 kamili, Februari ni saa 6 u nusu.

Kisa ni hiki. Saa ya ukutani inahesabu saa 24 kamili kila siku. Jua halihesabu hivyo. Dunia hulizunguka jua kwa njia isiyo duara kamili: mwanzoni mwa Januari tunalikaribia, kama kilomita milioni 147, na Julai tunakuwa mbali, milioni 152. Tukiwa karibu, dunia huenda mbio zaidi katika njia yake, hivyo lazima ijizungushe kidogo zaidi ndipo jua lirudi pale lilipokuwa jana. Mhimili wa dunia nao umeinama nyuzi 23 na kitu, na Desemba mwinamo huo huongeza kuchelewa huko huko. Kuanzia mwanzoni mwa Novemba hadi katikati ya Februari ni kama siku 100, na kila siku jua hubaki nyuma ya saa kwa wastani wa sekunde 18. Mwambie azidishe, atapata dakika 30.

Mtoto aliyeona hayo kwenye ratiba, dada, mnunulie daftari.

Nahodha Mstaafu
Binti yangu, la redio ni jepesi. Jua huja kutoka mashariki, na kila nyuzi moja ya longitudo ni dakika 4. Kati ya Amu, yaani Lamu yetu, na Nairobi ni nyuzi 4, kwa hiyo jua lao linatua dakika 16 baada ya letu. Mombasa ni dakika 5 hivi. Fuata adhana ya msikiti wako. Ukitumia simu, hakikisha imewekwa Lamu, isiwe Nairobi.

Na saa ya Kenya yenyewe imepimwa kwa mstari wa nyuzi 45, unaopita jirani na Mogadishu. Sisi tuko magharibi yake, ndiyo maana jua hutukuta baadaye.

Mama wa Mkomani
Shukran sana maalim, na wewe baba. Kijana anauliza kama anaweza kuyaona mwenyewe bila ratiba.

Nahodha Mstaafu
Ataona. Asimamishe kijiti cha mita moja darini, wima kabisa, aweke alama kwenye ncha ya kivuli kila dakika 5 tangu saa 5 u nusu. Kivuli kikiwa kifupi kuliko vyote, hapo jua limefika kati. Siku hizi za mwanzo wa Novemba kitakuwa kama sentimita 22 na kitaelekea kibla, maana kwetu kibla na kaskazini ni karibu kitu kimoja. Arudie Februari. Katikati ya Machi kivuli kitapotea kabisa, jua likiwa utosini. Kuanzia hapo kitageukia suheli, yaani kusini, mpaka mwisho wa Septemba.

Mama wa Mkomani
Ameshachukua fimbo ya babu yake na chaki. Kesho hatuendi sokoni mpaka saa 7.