Waliofanya IELTS, OET na mitihani mingine ya Kiingereza: kusikiliza na sarufi viliwatesaje? Tupeane uzoefu

Mchonga Mawe:

Wakuu habari za jioni.

Matokeo yangu ya IELTS yametoka leo na sina hamu. Kusoma 7, kuandika 6.5, kuzungumza 6.5, kusikiliza 5.5. Wastani umefika 6.5 ambao chuo wanautaka, ila wameweka sharti kwamba kusiwe na kipengele kilicho chini ya 6. Kwa hiyo sikio limekula ada yote.

Nieleze nilivyoumia ili mjue pa kunisaidia. Sehemu ya kwanza, ile inayoitwa rahisi, jina linatajwa herufi moja moja. Nikasikia "i", nikaandika i. Kumbe ile ni E yao. I yao wanaitamka "ai". Nikasikia "ei", mkono ukaandika e, kumbe ni A. Mtu niliyeimba a e i o u tangu darasa la kwanza, mnategemea nini? Nikashtuka, nikarudi kurekebisha, na huku rekodi inaendelea. Inachezwa mara moja tu. Nilipoinua kichwa wenzangu wako swali la saba, mimi bado niko la pili.

Shule ya msingi nimesoma kwa Kiswahili, sekondari tukageuziwa Kiingereza, na kile Kiingereza kilikuwa cha ubaoni: mwalimu anaandika, sisi tunanakili. Kumsikiliza mtu wa Sydney akiongea dakika tano mfululizo, sikuwahi hata siku moja.

Naomba waliopita huku watupe uzoefu. Ombi moja tu: msiniambie "sikiliza sana". Hilo nimeambiwa na kila mtu pamoja na bodaboda wangu. Semeni mlifanya nini hasa.

Nesi wa Likoni:

Pole sana kaka. Mimi ni muuguzi, Mombasa. Mtihani wangu ulikuwa OET, ule wa watu wa afya. Mtakumbuka mwaka 2021 Kenya na Uingereza zilitia saini mkataba wa wauguzi wetu kwenda kufanya kazi Uingereza, kisha ikatangazwa kwamba katika wauguzi 300 waliofanya mtihani wa Kiingereza, 10 tu ndio waliofaulu. Tulichekwa! Nami nilicheka, mpaka nilipokaa kwenye kile kiti.

OET sehemu A unasikia mashauriano mawili ya mgonjwa na mhudumu, una nafasi 24 za kujaza. Majina ya magonjwa niliyajua yote. Lakini mgonjwa hakutajii jina la ugonjwa. Anakwambia "I've been off my food", yaani hana hamu ya kula, na mimi nangoja neno la kitabuni. Mara ya kwanza nilipata C+ kwenye kusikiliza. Baraza la wauguzi la Uingereza linataka B. C+ wanaikubali kwenye kuandika tu.

Kilichoniokoa ni imla. Ndiyo, imla ile ile ya darasa la tatu. Kila usiku nikitoka zamu, dakika moja ya sauti iliyo na maandishi yake. Nasikiliza sentensi, nasimamisha, naandika kila neno, hata nisilolijua naliandika ninavyolisikia. Kisha nafungua maandishi, nasahihisha kwa kalamu nyekundu. Mwanzoni dakika hiyo moja ilinila nusu saa. Baada ya wiki tatu hivi nikalitazama daftari nikashangaa: maneno makubwa nilikuwa nayapata. Wekundu wote ulikuwa kwenye vijineno. "Had", "of", "'ve", s ya mwisho, "can" na "can't".

Yaani sikuwa kiziwi, sarufi ndiyo iliyolegea. Mwenye sarufi anasikia "he'd been" hata msemaji akiimeza nusu, kwa sababu anajua pale lazima pawe na kitu. Mimi nilikuwa nimezitenga: sarufi Jumamosi, kusikiliza Jumapili. Nilipoziunganisha, mara ya pili nikapata B.

Kisiki cha Mpingo:

Hakuna aliyetaja SAA? Mimi niliandika 3:30. Jamaa kasema "half past nine", kichwani ikaingia saa tatu na nusu, mkono ukaandika nilichokifikiria. Nilijua jibu, nilisikia jibu, nikakosa jibu. Hadi leo nikikumbuka naona aibu peke yangu kwenye daladala.

Mchonga Mawe:

@Kisiki cha Mpingo mkuu umenichekesha na siku yangu ilivyo mbaya. Lakini hebu ngoja, na mimi nadhani nimefanya hivyo hivyo.

Mwalimu Mstaafu:

Vijana, nimefundisha Kiingereza sekondari miaka mingi, na nimewasaidia wengi wanaojiandaa na mitihani hii. Nawapa jambo ambalo sijaona vitabu vya mazoezi vikilisema, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili yetu.

Kiswahili huweka habari zake mbele ya neno. Kitabu, vitabu. Mtoto, watoto. Ukisikia mwanzo umeshajua ni kimoja au ni vingi, na mwisho wa neno unaweza kuupitisha tu. Kiingereza kinafanya kinyume: wingi umo kwenye s nyembamba kule mkiani, na wakati uliopita umo kwenye d ambayo mara nyingi haisikiki kabisa. Sikio letu limefundishwa kupumzika pale pale ambapo la Mwingereza linakaa macho. Ndiyo maana mwanafunzi mzuri anaandika "ticket" pahala pa "tickets" na alama inaondoka.

Dawa yake iko kwenye karatasi kabla sauti haijaanza. Unapewa muda mfupi wa kusoma maswali. Usiutumie kusoma tu, tumia sarufi. Mbele ya nafasi pana "a"? Basi jibu ni umoja, na linaanza kwa sauti ya konsonanti. Pana "several"? Jibu lina wingi, andika s hata kama hukuisikia vizuri. Pana "by"? Huenda ni jina la mtu, au tarehe, au njia ya usafiri. Ukifika kwenye sauti unakwenda kutafuta kitu unachokijua umbo lake.

La pili ni matamshi. Sisi tunasoma kila herufi, na mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho. "Comfortable" tunaitamka silabi nne kamili, halafu msemaji anasema "kamftabo" na hatumtambui. "Vegetable" inakuwa "vejtabo". "Wednesday" ile d ya kwanza haipo. Neno unalolitamka vibaya hutalisikia likitamkwa vizuri. Kwa hiyo yasomeni kwa sauti, msione haya.

Na tahajia! "Accommodation" ina c mbili na m mbili. Ukikosea tahajia, jibu limekufa, ingawa ya Uingereza na ya Marekani zote wanazikubali. Wakisema jibu lisizidi maneno mawili, ukaandika matatu, hapo pia umekosa.

Chuma cha Reli:

Mnatesana bure. Mimi nilitazama filamu na tamthilia tu, sikugusa kitabu cha sarufi, kusikiliza nikapata 8.

Nesi wa Likoni:

@Chuma cha Reli hongera. Shule ya msingi ulisoma wapi?

Chuma cha Reli:

English medium, tangu chekechea. Kwani vipi?

Kisiki cha Mpingo:

Basi kaa pembeni mkuu, huu ni uzi wa kayumba, sisi wa shule za serikali 😂

Binti Mkunazini:

Assalaam alaykum. Filamu nami nilijaribu, miezi sita. Nilikuwa naweka manukuu ya Kiingereza chini, najiona nimeendelea sana. Siku nilipoyazima nikagundua nilikuwa nafanya zoezi la kusoma haraka.

Mimi sehemu ya tatu ndiyo iliyonitesa, wanafunzi wanajadiliana kazi yao na mwalimu, watu mpaka wanne. Unaulizwa nani alikubali nini. Sasa sisi "yeye" wetu hana mume wala mke. Wakisema "he" na "she" yote yananiingia kama "yeye", mwisho nabaki na maoni yasiyo na wenyewe. Nikawa nacheza mchezo na mdogo wangu: tunasikiliza mazungumzo ya redioni kwa Kiingereza, kila nikisikia "she" nanyoosha kidole kushoto, "he" kulia. Mama akipita anatuona vichaa.

Jingine, wasemaji wanajirekebisha makusudi. "Tuesday… oh no, that's the meeting, let's say Thursday." Ukiandika la kwanza umeliwa. Mimi siku hizi nikisikia "actually", "but" au "oh wait" kalamu inasimama hewani.

Mtoto wa Ruzizi:

Jambo wandugu. Miye natoka Bukavu, niko Kampala. Nilifanya mtihani wa Duolingo, unafanyia nyumbani na kompyuta, kamera inakutazama. Pale kuna zoezi la kuandika ulichosikia, na unaweza kuisikiliza sauti mpaka mara tatu. Imla kabisa, kama dada wa Mombasa alivyosema.

Shida yangu ilikuwa Kifaransa. Nilisikia "actually" nikaelewa "actuellement", kumbe si "sasa hivi", ni "kwa kweli". Nilisikia "library" nikaelewa "librairie", duka la vitabu, kumbe ni maktaba. Ukiwa na lugha tatu kichwani, ile ya katikati inakuja kujibu isipoitwa. Na mara ya kwanza umeme ulikatika katikati ya mtihani, intaneti ikaenda nayo. Sasa mimi kwanza natafuta mahali penye jenereta, sarufi baadaye.

Mchonga Mawe:

Swali: kuna aliyefanya IELTS ya kompyuta? Nafikiria kuhama kutoka karatasi.

Binti Mkunazini:

Nimefanya zote mbili. Ya karatasi unapewa dakika 10 mwishoni kuhamishia majibu. Ya kompyuta huna hizo, unaandika moja kwa moja, una dakika 2 tu za kupitia. Ila unavaa hedfoni, husikii mtu akikohoa nyuma. Kama vidole vyako ni vizito kwenye kibodi, kaa na karatasi, kama bado ipo kituoni kwako. Halafu kuna nchi ambako aliyefanya kwa kompyuta anaruhusiwa kurudia kipengele kimoja tu ndani ya siku 60. Kiulizie kituo chako, na ukiulize chuo pia kama wanayapokea matokeo ya namna hiyo, wengine hawayapokei.

Mchonga Mawe:

MREJESHO, wiki ya tano.

Naanza na imla. Nilianza na dakika moja, nikashindwa, nikashuka sekunde 30. Daftari langu ni lile lile la Nesi: wekundu wote kwenye "the", "a" na s. Mwalimu, nikubali kwamba nimeandika sarufi miaka yote bila kujua "the" huwa inasikikaje. Ni kama pumzi tu.

Jaribio la nyumbani kabla ya uzi huu nilipata 21 kwa 40. Juzi 27. Sehemu ya nne, mhadhara wa mtu mmoja usio na mapumziko katikati, bado unaniacha stendi.

Herufi A, E na I nimeziandika kwa chaki kwenye mlango wa choo pamoja na matamshi yake. Wageni wanauliza, nawaambia ni masharti ya mganga.

Namba ndizo zimebaki. Mke wangu ananisomea namba za simu kwa Kiingereza kila usiku baada ya kula, naandika. Thirteen na thirty nimeshazishika. Sasa amegundua kwamba wanasema "double eight", na anaisema haraka makusudi huku anaosha vyombo.

Kisiki cha Mpingo:

Mwambie akusomee na saa.