Volendam, Marken au Urk: siku moja na mama mkwe na watoto

MamaZuhura: Jamani, mama mkwe kaja toka Tanga, na tangu asikie huku Uholanzi nako kuna wavuvi hataki kusikia kingine. Jumapili tunatoka: yeye (magoti yanamsumbua), mume wangu, watoto wawili na kigari cha mtoto. Hatuna gari, tunaanzia Amsterdam. Kati ya Volendam, Marken na Urk, sehemu za wavuvi, twende wapi?

Kombo_Almere: Urk Jumapili? Mtakuta milango imefungwa, watu wako kanisani. Treni pia haifiki. Ila wavuvi wa kweli ndiko waliko, mpelekeni siku ya kazi. Volendam ni duka tu.

BiMwana: Duka ndiyo, lakini wajukuu watafurahi. Basi 316 toka Amsterdam Centraal. Bandarini kuna studio, mnavishwa mavazi ya kale na kofia nyeupe yenye ncha, mnapigwa picha. Mama yangu yuko ukutani sebuleni na kofia juu ya mtandio, kanuna kama kadhulumiwa. Kisha akataka nakala sita apeleke nyumbani!

Said_wa_Maji: Mimi Marken. Kilikuwa kisiwa hadi 1957 ilipojengwa barabara juu ya tuta. Nyumba za mbao zimekaa juu ya vilima vya udongo, nyingine juu ya nguzo, kwa kuhofia maji. Bahari yenyewe ilizibwa 1932 kwa tuta la Afsluitdijk. Maji yakapoteza chumvi, uvuvi wa zamani ukafa. Mwambieni bibi mapema, asije akauliza mnada wa samaki uko wapi.

BiMwana: Kwani lazima mchague? Kuna boti Volendam hadi Marken, kama nusu saa. Kurudi, basi 315.

MamaZuhura: Tumerudi! Tulifuata njia ya BiMwana. Kwenye boti upepo ulitukata, chukueni makoti hata jua likiwaka. Samaki mkunga wa kukaushwa kwa moshi mama kamwonja tu, kasema ana mafuta mno, halafu kammalizia mume wangu wake. Marken kasimama mbele ya viatu vya mbao, kakigeuza kimoja, kakigonga kwa kidole: "Si mitalawanda hii! Wameiziba mbele tu." Kanunua jozi mbili. Mnara wa taa tuliuona kwa mbali, magoti yaligoma.

Kombo_Almere: Na mnada aliuliza?

MamaZuhura: Mara tatu. Urk ni Alhamisi, mume wangu kaomba ruhusa kazini.