Wakuu naombeni ushauri, mchoro wa mfumo wa SACCOS umejaa mishale hausomeki

Kijana wa Tabata: Wakuu, nachora kwa UML (ile lugha ya michoro ya kuelezea mifumo ya kompyuta) mahitaji ya mfumo wa SACCOS moja hapa Dar. Kuweka akiba, kuomba mkopo, kulipa rejesho, kila kimoja kina duara lake, hapo sawa. Shida ni mambo mtambuka: paswedi, meseji kwa mwanachama, kumbukumbu ya nani kafanya nini saa ngapi. Kila duara linayataka, nikivuta ile mishale ya nukta nukta yote ukurasa unakuwa mweusi na Jumatatu niko mbele ya bodi. Nichoreje??

Fundi Mifumo: Usivute mishale. Kila jambo mtambuka lichore mara moja tu, pembeni, rangi yake. Halafu jedwali: kazi za mfumo zishuke kushoto, hayo mambo yakae juu, tia tiki yanapokutana. Kina Gregor Kiczales wa Xerox PARC, kituo cha utafiti cha kompyuta Marekani, walishaandika 1997, upande wa programu, kwamba kinachotapakaa kila mahali kitengwe kikae pamoja, watu wa kuchambua mahitaji ya mifumo wakafuata. Weka jedwali hapa tulione.

Dada wa Mbagala: Bodi na michoro wapi na wapi mdogo wangu, kikoba chetu niliwapelekea mchoro wakaniuliza gawio lini. Waeleze kwa mdomo.

Kijana wa Tabata: Jedwali ninalo. Kumbukumbu nimetia tiki kote kasoro kurekebisha salio.

Fundi Mifumo: Kwa nini hapo? Hapo ndipo inapotakiwa kuliko kote!

Kijana wa Tabata: Mweka hazina kaomba marekebisho yake yasirekodiwe, eti yanajaza mfumo. Ndiye anayeidhinisha malipo yangu na advansi nimeshapokea. Sijaficha kitu, bodi wakiuliza nitasema.

Mtu wa Ibada: Dogo hizo ni jasho la watu, mogope Mungu.

Kapteni Feri: Chai hii. Mwizi gani anaomba wizi wake uwekwe kwenye mchoro?

Kijana wa Tabata: Siyo chai mkuu. Daftari kanipa mwenyewe nihamishe data, salio limepakwa wino mweupe, juu tarakimu mpya, hakuna sahihi.

Fundi Mifumo: Sasa huo wino mweupe ndio unaombwa uujenge kwenye mfumo. Kile kisanduku usikiache kitupu, andika ndani "hairekodiwi, ombi la mweka hazina", bodi waamue.

Kijana wa Tabata: Nikiandika hivyo si ataidai advansi yake kesho yake?

Dada wa Mbagala: Advansi ni ya SACCOS, siyo yake. Andika.