Wanaume tulio vyuoni tufanye nini ili dada zetu wasifanyiwe ukatili?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Moshi

Habari zenu ndugu zangu. Ninasoma katika chuo kimoja hapa Moshi, na pamoja na wenzangu tuliopanga vyumba maeneo ya Rau tumekuwa tukijadili jambo linalotuumiza. Kila mwaka wa masomo unapoanza, katika makundi ya WhatsApp ya wavulana husambazwa picha za mabinti wa mwaka wa kwanza, zikifuatana na maneno ya kugawana nani atakuwa wa nani, kana kwamba wenyewe hawana kauli. Hivi karibuni ilisambazwa picha ya faragha ya binti mmoja, iliyotolewa na kijana aliyekuwa mpenzi wake, na tangu hapo binti huyo haonekani darasani. Wachache walicheka, wengi walinyamaza.

Wenzangu wanapendekeza tuanzishe kikundi cha kuwasindikiza wanafunzi wa kike wanaotoka maktaba usiku, kwa sababu njia ya kurudi mtaani ina giza. Sipingi, ila ninaona kama wazo hilo haligusi kiini. Naomba ushauri wa kinachosaidia kweli, bila sisi kuwapokonya dada zetu nafasi ya kujisemea.

Dada wa Njiro, mhitimu

Mdogo wangu, nimefurahi kwamba umeuliza. Kusindikizana si vibaya, na taa za njiani ni jambo la kuudai uongozi wa chuo. Lakini angalieni anayeumiza ni nani. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba karibu mwanamke mmoja kati ya watatu duniani amewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili au wa kingono, na sehemu kubwa ya ukatili huo hutoka kwa mume au mpenzi. Binti mnayemsindikiza hadi mlangoni huenda mnamkabidhi kwa yule yule anayempiga. Ukatili wa vyuoni niliouona mimi ulitokea chumbani kwa mtu anayefahamika, katika sherehe za siku bumu, yaani fedha za mkopo wa wanafunzi, linapotoka, na katika ofisi ya mhadhiri aliyeshikilia matokeo ya mwanafunzi.

Sisi wasichana tukikemea tunaambiwa tuna maringo. Lakini kijana aliyesambaza picha, rafiki yake wa kiume anayekula naye na kutazama naye mpira akimwambia, "Futa hiyo picha sasa hivi," anafuta. Sauti hiyo mnayo ninyi, sisi hatuna, na ndiyo maana kazi yenu kubwa iko vyumbani mwenu na katika makundi yenu, kabla ya kufika barabarani.

Mkufunzi, Arusha

Ninakubaliana na dada. Mwaka 1993, katika chuo kikuu cha Northeastern mjini Boston, Marekani, Jackson Katz na wenzake walianzisha mafunzo ya kuzuia ukatili dhidi ya wanawake, yaliyoanza na wanamichezo wa vyuo, kwa sababu wanamichezo husikilizwa na wenzao. Jambo la maana katika mafunzo yale ni kwamba kijana hakuitwa kama mtuhumiwa, bali kama shuhuda anayeweza kuingilia kati, kwa hiyo hakuingia ukumbini akiwa tayari amekasirika. Walijadili mazingira halisi, na kila mmoja alitakiwa kueleza angefanya nini.

Hapa kwetu mnaweza kuanza na nahodha wa timu na viongozi wa madarasa. Chukueni tukio moja: binti amelewa, na mwenzenu anamvuta kuelekea chumbani. Unasema nini, na unamwambia nani? Unaweza kumwita kijana pembeni kwa kisingizio chochote huku mwingine akimtafuta rafiki wa binti. Unaweza kukaa nao tu, ukakataa kuondoka. Ukiona hatari, usimkabili peke yako. Fanyeni mazoezi ya maneno yenyewe kwa sauti, kwa kuwa wengi hunyamaza kwa kukosa la kusema wakati ule, hata wanapojua kabisa kwamba jambo ni baya. Na msisubiri Siku 16 za kupinga ukatili, kuanzia Novemba 25 hadi Desemba 10, mkavaa fulana kisha mkanyamaza hadi mwaka unaofuata.

Wakili, Moshi

Ninaongeza ya sheria kwa ufupi. Kusambaza picha za ngono mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na anayeipokea na kuipeleka mbele hawezi kujitetea kwamba hakuianzisha yeye. Andikeni namba iliyoituma, tarehe na saa. Msiisambaze tena kwa jina la ushahidi. Ubakaji adhabu yake ni kifungo kisichopungua miaka 30, na kuwa mpenzi wa mtu si ridhaa. Rushwa ya ngono ni kosa chini ya kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, na taarifa hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa.

Aliyebakwa afike hospitali mapema, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Asioge wala kufua nguo alizovaa. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali, hutolewa kituoni. Mwende naye akitaka, lakini msimburute, na msikubali kushiriki vikao vya kuyamaliza kimya kimya.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili, Moshi

Ninawashukuru sana. Tutaanza na timu ya darasa letu, na leo hii ninamwandikia msimamizi wa kundi aifute ile picha na kumwondoa aliyeituma. Je, twende pia kwa mlezi wa wanafunzi?

Dada wa Njiro, mhitimu

Kabla ya kwenda popote, mwulizeni binti mwenyewe, kupitia rafiki yake wa kike, anataka nini kifanyike. Akisema taarifa isipelekwe popote, heshimuni. Na katika kumwuliza, mpelekeeni notisi za vipindi alivyokosa, maana mitihani haitamsubiri.