Nembo ipo kwenye JPEG moja tu: bango linakataa, na kwenye tovuti inatoka na kiboksi cheupe

Sabuni_Safi
Wakuu, heshima kwenu. Biashara ni ya sabuni za kuogea, bado ndogo. Nembo ninayo kwenye faili moja tu: JPEG ya pikseli 500 kwa 500, mandharinyuma meupe. Fundi wa mabango anasema haichapiki, herufi zinaota meno pembeni. Kwenye tovuti, ambayo juu ni kijani, nembo inakaa ndani ya kiboksi cheupe. Tovuti yenyewe ni nzito kwenye simu. Ina picha kumi hivi za bidhaa zilizopandishwa moja kwa moja kutoka kwenye kamera. Aliyechora nembo hapatikani tena. Nianzie wapi, na nikimpata mtu wa kuirekebisha nidai faili zipi?

Vekta_Kwanza
Mkuu, anza na nembo, maana tovuti itaitumia hiyohiyo.

Piga hesabu. Chapa safi inataka pikseli 300 kwa inchi, kwa hiyo pikseli zako 500 zinatosha sentimita 4.2 tu. Kadi ya biashara itatoka, basi. Itandaze hadi upana wa mita 2 na kila pikseli inakuwa mraba wa milimita 4; hayo ndiyo meno anayoyaona fundi. Bango la kutazamwa kwa mbali huvumilia pikseli 100 kwa inchi, lakini hata hapo unaishia sentimita 12.7.

Kiboksi cheupe kinatokana na JPEG kutobeba uwazi, yaani sehemu tupu inayoacha rangi ya nyuma ionekane. Kuihifadhi kama PNG (aina ya faili inayobeba uwazi) peke yake hakusaidii, weupe unahama nao. Ukiufuta kwa kubofya, utabaki na ukingo wa kijivu kuzunguka herufi, kwa sababu pikseli za pembeni zimeshachanganya rangi ya nembo na nyeupe.

Kwa hiyo ichorwe upya kwa vekta, yaani mistari na maumbo badala ya pikseli, ambayo hukuzwa bila kuota meno. Inkscape ni programu ya bure na inatosha kabisa. Ingiza JPEG, ipunguzie ukolezo hadi asilimia 50, ifunge isisogee, kisha chora juu yake kwa kalamu ya njia. Weka nukta chache: duara zima linahitaji nukta 4 tu. Maneno usiyachore kwa mkono. Tafuta fonti yenyewe au inayokaribiana nayo, yaandike, rekebisha nafasi kati ya herufi, halafu yageuze kuwa maumbo (Shift+Ctrl+C). Ukisahau hatua hiyo, kompyuta ya mchapaji isiyo na fonti hiyo itaweka nyingine, na jina la biashara litatoka kwa sura usiyoijua.

wino_na_karatasi
Naongezea jambo ambalo watu wengi huumizwa nalo. Utaletewa PDF au SVG (aina ya faili ya vekta ya kwenye tovuti) ukaambiwa ni vekta, kumbe ndani kumebandikwa JPEG ileile. Fungua PDF uivute hadi asilimia 1,600: ukingo ukibaki laini, ni vekta, ukiona miraba, umeuziwa picha. SVG ifungue kwa programu ya maandishi ya kawaida. Ukikuta neno *image* likifuatiwa na msururu mrefu wa herufi zisizo na maana, rudisha kazi.

Kuhusu kufuatisha kwa mashine, yaani programu kuigeuza picha kuwa vekta yenyewe, simkatalii kila mtu. Alama ya rangi moja, iliyochorwa kwa brashi, hutoka vizuri. Nembo yenye herufi ndogo hapana: kwa pikseli 500 kona zinaviringika na mistari iliyonyooka inayumba.

Rangi nazo andikiwa namba zake, za skrini na za CMYK, yaani wino nne za uchapaji (samawati, majenta, njano na nyeusi). Kijani kinachong'aa kwenye simu hakipo kwenye wino nne za mashine, kitatoka kimefifia. Omba sampuli iliyochapwa kabla ya kuidhinisha lebo zote. Maandishi madogo meusi yawe wino mweusi asilimia 100 peke yake. Yakichanganywa na wino nyingine, sahani ya uchapaji ya rangi mojawapo ikihama kidogo tu utaona vivuli vya rangi.

Dai hivi: SVG, PDF ya vekta, PNG yenye uwazi ya upana wa pikseli 2,000, toleo la rangi moja jeusi na jingine jeupe, na alama peke yake bila maneno. Hiyo ya mwisho ndiyo utakayoiweka kwenye picha ya wasifu, ambako mitandao mingi hukata duara na kumeza herufi za pembeni.

Kurasa_Nyepesi
Upande wa tovuti: kichwani tumia SVG, urefu wa pikseli 40 hadi 48. Ikoni ya kivinjari, ile ndogo inayokaa kwenye kichupo, itengenezwe kwa alama peke yake. Kwa pikseli 32 jina zima huwa doa.

Uzito unatoka kwenye picha. Picha ya kamera ina upana wa pikseli 4,000 na zaidi, na simu inaipakua yote ili kuionyesha kwenye nafasi finyu. Zipunguze hadi pikseli 1,200, hifadhi kwa WebP (aina ya faili nyepesi ya picha za tovuti) yenye ubora wa 75 hadi 80, kila moja isizidi KB 200. Andika *width* na *height* (upana na urefu) kwenye msimbo wa kila picha, la sivyo ukurasa utarukaruka wakati wa kufunguka na mteja atabofya asichokusudia. Zilizo chini ziwekee *loading="lazy"*, zipakuliwe mteja akizikaribia tu; ya juu kabisa usiiwekee, utaichelewesha bure.

Angalia na maandishi juu ya hicho kijani. Uwiano wa mwangaza kati ya maandishi na rangi ya nyuma yake usipungue 4.5 kwa 1. Ni rahisi kukosea kwa kukadiria macho: juu ya nyeupe, kijivu chenye msimbo wa rangi #767676 kinapita, #777777 kinaanguka.

Kiungo cha WhatsApp nacho kijaribu mwenyewe. Baada ya *wa.me/* huwekwa namba ya kimataifa bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo. Sifuri moja ikibaki, mazungumzo hayafunguki na mteja hakuambii, anaondoka.

Sabuni_Safi
Shukrani sana wakuu. Huyo mtu mpya anasema atasajili na jina la tovuti yeye mwenyewe, nisihangaike. Ni sawa?

wino_na_karatasi
Hapana, ndugu yangu. Akaunti ya usajili iwe kwa jina lako na barua pepe yako, yeye mpe ruhusa ya kuingia tu. Na hiyo barua pepe isiwe ya jina hilohilo la tovuti: usajili ukiisha, barua pepe inazimika nayo, na taarifa za kuhuisha hutazipata. Weka malipo yajirudie yenyewe.

Kwa nembo, pata maandishi mafupi yenye saini kwamba hakimiliki inahamia kwako malipo yakikamilika. Muulize pia kama kuna ikoni aliyoitoa kwenye maktaba ya mtandaoni. Leseni zake kwa kawaida si za mtu mmoja, kwa hiyo mwenye sabuni mwingine anaweza kuwa na jani hilohilo, na kuisajili kama alama ya biashara itakuwa shida.

Vekta_Kwanza
Na malipo ya mwisho yasitoke kabla hujafungua SVG kwenye kompyuta yako mwenyewe.